Kikapu cha Mia Mbili Arobaini na Moja

Ndoto yenyewe niliiota usiku wa kuamkia leo, nikiwa nimelala kwenye kochi la shangazi Twilumba, miguu yangu ikiwa nje ya blanketi kwa sababu kochi lile lilitengenezwa kwa ajili ya watu wafupi.

Nililala hapo kwa ajili ya katoni. Zilikuwa kumi na mbili, zimepangwa ukutani chini ya kalenda ya kanisa, na ndani yake mlikuwa na vikapu mia mbili arobaini vya milulu, yale majani marefu ya bondeni ambayo akina mama wa Iringa husukia. Akina mama wa kikundi chetu walivisuka kwa miezi mitano. Lori la wakala wa forodha lilikuwa lije saa mbili asubuhi livichukue, viende bandarini, kisha Denmark, kwa mama mmoja mwenye duka. Mimi ndiye karani wa kikundi. Sijui kusuka, kwa hiyo nilipewa karatasi.

Mwaka jana tulipeleka mia moja, vikarudi. Fomu yangu ilisema mia moja, afisa wa forodha akahesabu mia moja na tatu. Mzigo ukazuiwa, ukakaa ghalani mpaka ukashika ukungu, kisha tukaambiwa tukauchukue. Shangazi alivisugua vyote kimoja kimoja kwa brashi ya viatu, akavianika uani, hakusema neno. Wenzake walisema. Walisema Osmund kasoma hadi kidato cha sita lakini kuhesabu hadi mia kumemshinda. Nilikubali, maana sikuwa na maelezo mengine.

Yule mama wa Denmark aliandika kwamba atajaribu tena mara moja tu. Mzigo huu nao ukirudi, anatafuta wasukaji kwingine, na akina mama ishirini na sita watabaki kusuka vikapu vya kuwekea mayai ya majirani. Kwa hiyo jana nilihesabu mara nne. Mia mbili arobaini. Nikajaza fomu, nikamwachia shangazi afunge katoni, kwa sababu yeye ndiye mwenye mkono wa kufunga, nikalala.

Katika ndoto naamka kwenda kunywa maji. Nafungua mlango wa jikoni, na jikoni haipo. Pana ukumbi wa forodha, mkubwa, sakafu yake imesukwa kwa milulu, na foleni ndefu ya mizigo imesimama kwa adabu, kila mmoja na karatasi yake mkononi. Hata isiyo na mikono imeishika.

Naingia kwenye foleni. Mbele yangu ni gunia la majani ya chai kutoka Mufindi, linalala limesimama. Nyuma yangu ni parachichi la Njombe, peke yake, limevaa koti.

"Kaka, samahani, naomba unipishe," linasema parachichi. "Mimi naiva."

Nalipisha. Gunia nalo linalipisha bila kufumbua macho. Parachichi linakwenda mbio hadi dirishani, linatoa karatasi yake, na sauti kutoka ndani inaisoma taratibu.

"Hapa umeandikwa bichi."

"Nilikuwa bichi wakati naandikwa," linasema parachichi.

"Sasa hivi?"

Parachichi linajiminya kidogo ubavuni. "Sasa hivi nimeiva," linakiri, na linatoka nje ya mstari kwenda kuandikwa upya. Likinipita linaniambia kwamba hii ni mara yake ya tano, na kwamba safari ijayo litaandika "linaendelea kuiva" lione watasemaje.

Zamu yangu inafika. Dirishani ameketi Muhuri. Ana mpini wa mti uliong'aa kwa kushikwashikwa, na uso wake wa chini una wino wa zambarau ambao anaupangusa kwa leso kila akitaka kusema jambo. Kando yake, kwenye kistuli, ameketi ndugu yake, Muhuri Mwekundu, anakunywa chai. Yule ana kazi moja tu, ya kurudisha.

"Wewe ni mzigo au mwenye mzigo?" ananiuliza Muhuri.

"Mwenye mzigo."

"Una uthibitisho?"

Natoa kitambulisho. Anakisoma mbele, anakisoma nyuma. "Hapa hapajaandikwa kwamba wewe si mzigo."

"Haiandikwi kwenye vitambulisho."

"Ndiyo maana makosa hayaishi," anasema kwa masikitiko, na ananirudishia kwa mikono miwili.

Muhuri Mwekundu ameniona. Anaweka kikombe chini, uso unamchangamka. "Aa, karani wa vikapu! Habari za siku nyingi? Ukungu ulitoka?"

"Ulitoka," nasema. "Shangazi aliutoa kwa brashi."

"Nimefurahi sana. Siku ile sikupenda, lakini kazi ni kazi." Anachukua kikombe tena. "Leo unatuletea nini?"

"Vikapu mia mbili arobaini."

"Tutaona," anasema, na anakunywa kidogo, asimalize.

Muhuri anaipitia fomu yangu. Anaisoma kwa kuigusa, kila mstari anaulalia kidogo na kunyanyuka. Kwenye mstari wa tarehe analala zaidi.

"Umeandika tarehe kumi na nne ya mwezi uliopita."

Najua kilichotokea. Nilichukua fomu ya zamani ya majaribio nikainakili, nikabadilisha vingine vyote, nikaisahau tarehe. "Nimekosea," nasema.

"Hapa hakuna kukosea. Kuna kilichoandikwa," anasema Muhuri. "Basi leo ni tarehe kumi na nne ya mwezi uliopita."

Mvua inaanza. Ukumbi haupo. Tuko bondeni kwenye milulu, mimi nimelowa, Muhuri ameshika mwavuli mdogo unaomtosha yeye peke yake. Akina mama wamo ndani ya maji hadi magotini, wanakata, wanaimba wimbo wa kwaya nusu nusu kwa sababu kila mmoja anajua ubeti wake. Shangazi Twilumba yuko pembeni. Namwita. Hanisikii, kwa kuwa mwezi uliopita sikuwapo.

Anakata fungu, analifunga, analiweka kichwani. Halafu anainama tena, na fungu liko kichwani vilevile, anachagua majani membamba, meupe, yale yanayoota katikati ambayo ni shida kuyafikia. Anayachagua kama mtu anayechambua mchele wa wageni. Anayapitisha kiunoni, kwenye fundo la kanga.

"Hayo ya nini?" namuuliza Muhuri.

"Sijui. Hayajaandikwa popote," anasema, na kwa mara ya kwanza naona ana wasiwasi. "Rekebisha tarehe tuondoke. Nikilowa sana nasambaa."

Nalamba kidole, naifuta ile tarehe. Hapo hapo tarehe kumi na nne yote inafutika, na mvua yake, na nyimbo, na ng'ombe mmoja aliyekuwa anakunywa maji ng'ambo ya bonde.

"Ng'ombe wa watu," anasema Muhuri.

"Nifanyeje sasa?"

"Fomu haifutwi. Unakata kwa mstari mmoja, unaandika sahihi pembeni, unatia saini. Ili mtu akija aone ulikuwa umekosea nini, na ni wewe."

Nafanya hivyo. Ng'ombe anarudi, na mstari mmoja mwembamba umempita ubavuni. Anaendelea kunywa.

Tumerudi, ila si ukumbini. Tuko kwenye darasa nililosomea nikiwa darasa la tatu, na mimi nimesimama mbele, na katoni zangu kumi na mbili zimekaa kwenye madawati, mbilimbili. Ubaoni amesimama Mizani, chaki mkononi, sindano yake inatetemeka kwa hasira ndogo ya kila siku.

"Nitaita majina," anasema Mizani. "Katoni ya kwanza!"

"Nipo. Kilo kumi na mbili."

"Ya pili!"

"Nipo. Kumi na mbili."

Zinaitika moja moja. Najisikia vizuri, hata naanza kuitazama ile picha ya viungo vya mwili iliyokuwa ikinichekesha zamani. Inafika ya saba.

"Katoni ya saba!"

"Nipo," inasema katoni ya saba, sauti chini.

"Kilo?"

"Kumi na mbili." Inajikuna kona. "Na kidogo."

Mizani anaweka chaki chini. "Osmund. Ulipima katoni ngapi?"

"Moja."

"Ukaandika uzito wa ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Hizo kumi na moja ulizipima kwa kutumia nini?"

"Macho," nasema.

Katoni zinacheka. Si kwa ubaya, lakini zinacheka, na ya nne inacheka mpaka inabanduka selotepu. Mlangoni nasikia kikombe kinawekwa kwenye kisahani. Muhuri Mwekundu ametufuata, amesimama pale, amejipangusa tayari.

"Mimi sisemi kitu," anasema. "Nasubiri tu."

Nawaona akina mama ishirini na sita wamesimama uani kwa shangazi, wanalitazama lori likirudi. Katika ndoto uani kwa shangazi kunaonekana kutokea dirishani, na kweli wamesimama pale. Mama Sekela ameshika kiuno. Mama Anzamen tayari anafungua mdomo kusema.

"Funguka," anaamuru Mizani. "Katoni ya saba, vikapu vyote nje, vijihesabu."

Katoni ya saba inajifungua. Vikapu vinatoka kwa mstari, vimenyoosha mikono. "Mia moja ishirini na moja!" "Mia moja ishirini na mbili!" Kila kimoja kinainama kwa Mizani na kupita. Cha mia moja ishirini na tisa kinasimama wima, hakiinami.

"Inama," anasema Mizani.

"Siwezi, mwalimu. Nina mgeni."

Na kutoka ndani yake kinachungulia kikapu kidogo, ukubwa wa bakuli la mboga, cheupe, kimesukwa kwa majani membamba hata ukikitazama huoni jani lilipoanzia. Kinashuka kwa uangalifu, kinajikung'uta, kinanisogelea.

"Kamwene," kinanisalimia.

"Kamwene," naitikia, maana kwetu ukisalimiwa unaitika hata na kikapu. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni nyongeza."

Nakaa kwenye dawati, juu ya katoni ya tano, ambayo inaguna. Sasa nayajua yale majani ya kiunoni. Shangazi yangu hauzi kitu kikaishia pale pale. Akiuza maharage anaongeza konzi. Akimpa mtu uji anaongeza kabla kikombe hakijaisha. Hata akikutukana anaongeza neno la kukubembeleza, ndipo anamaliza.

"Mwaka jana," nasema, "mlikuwa watatu."

"Dada zangu," kinasema kikapu. "Walikwenda wakijua wanatarajiwa. Kufika pale wakaulizwa wao ni akina nani, hakuna aliyewajua."

"Mwaka mzima naitwa mtu asiyejua kuhesabu!" Nasema kwa sauti kubwa, na nina uchungu kweli, si wa ndotoni. "Mbele ya mkutano! Hata paroko ananiuliza sadaka nimehesabu mara ngapi!"

"Pole sana," kinasema kikapu, na kinaniegemea mguuni. "Ulihesabu vizuri. Kuandikwa ndiko hatukuandikwa."

Muhuri Mwekundu amepiga hatua moja ndani ya darasa.

"Nitoe," kinasema kikapu kwa haraka. "Mimi ni mdogo. Nitabaki nyumbani niwekewe vitunguu. Wakubwa waende."

Natazama lile jambo na naona ni rahisi. Nakichukua, nakiweka dirishani, nje ya hesabu. Vikapu ishirini vinarudi kwenye katoni. Mizani anaipandisha katoni ya saba na kuisoma.

"Kilo kumi na tano."

"Imepungua kikapu ikaongezeka uzito?"

"Wamenuna," anasema Mizani. "Kununa kuna uzito. Nami naandika ninachokiona."

Nazitazama katoni zingine. Zote zimeinamisha vifuniko. Ya kwanza imefika kumi na sita. Nakirudisha kikapu kidogo mahali pake haraka, na darasa zima linapumua, na sindano inashuka hadi kumi na mbili na robo, inatulia hapo.

"Basi nakiandika," nasema.

Muhuri anatandaza fomu juu ya meza ya mwalimu na kupangusa wino. "Mstari wa kumi na tatu. Aina?"

"Kikapu kidogo, cha milulu."

"Idadi?"

"Kimoja."

"Kimetengenezwa wapi?"

"Kwenye mapaja ya Twilumba," kinasema kikapu.

"Hayo yako mkoa gani?"

"Iringa," nasema mimi.

Anagonga mezani kidogo kuonyesha ameridhika. "Kimeuzwa?"

"Hakijauzwa."

"Basi kinakwenda kufanya nini?"

Kalamu inagoma mkononi. Nafasi iliyobaki kwenye mstari ni fupi kuliko kidole changu. Muhuri Mwekundu amefika mezani, harufu ya chai na wino mwekundu imenizunguka, naye ananitazama kwa upole wa mtu asiyetaka kufanya anachotaka kufanya.

"Kuna shangazi yangu," namwambia Muhuri. "Alinilea tangu baba alipofariki. Alinifunga mzigo wa shule kila mhula, na kila mhula nikifika bwenini nakuta kitu ambacho sikukiomba. Yai la kuchemsha. Soksi. Siku moja nilikuta kiazi, sijui alifikiri nini. Nikawa najua kwamba popote nikifungua mzigo wake patakuwa na kitu kimoja zaidi, na kwa hicho kimoja nilikuwa silii. Sasa kuna mama mmoja Denmark ambaye shangazi hamfahamu, hajamwona, lakini anataka na yeye akifungua akikute. Kinakwenda kufanya hivyo."

Mizani anajikohoza. Katoni ya nne inabanduka selotepu upya.

"Andika," anasema Muhuri.

"Nafasi haitoshi."

"Punguza, ila usipunguze ukweli."

Nafikiri. Naandika: Nyongeza. Ametoa mwenyewe.

Muhuri anausoma mstari ule kwa kuulalia, muda mrefu. Ndugu yake anasoma kwa juu juu, halafu anarudi mlangoni, anachukua kikombe, anaangalia ndani. "Imepoa," anasema, na haonekani kukasirika. Muhuri ananyanyuka juu, juu kabisa hadi kwenye mabati ya darasa, na anashuka, na kishindo chake ndicho kilichoniamsha.

Ilikuwa saa moja asubuhi. Jua lilikuwa limeshaingia kwa pazia, na shangazi alikuwa jikoni, jikoni ya kweli, nasikia mwiko. Niliinuka nikiwa na blanketi mgongoni, nikaenda moja kwa moja kwenye katoni ya saba, nikabandua selotepu. Nikavitoa. Cha tisa kilikuwa kizito kwa mkono, kidogo tu, kiasi ambacho mtu wa kutumia macho hawezi kujua.

Shangazi alitokea mlangoni na kikombe cha uji. Alikuwa amevaa sweta langu la sekondari, ambalo hataki kulitupa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Mbona unafungua tena? Selotepu yenyewe imebaki ya kuzungusha mara moja."

Nilikitoa kile kikapu cheupe nikakiweka kiganjani. "Hiki kimeingiaje humu?"

"Kwa mkono," alisema. Aliona siondoi macho, akaweka uji mezani. "Sasa Osmund, mtu unampelekea vitu vimekaa kamili kamili hivyo, kama umemnunia? Hapo sokoni ukinunua mafungu mawili ya nyanya unaongezwa moja, na wewe na muuzaji mnakaa mtaa mmoja. Huyu wa mbali namna ile aongezwe nini?"

"Na mwaka jana ulimwekea vitatu."

"Mwaka jana nilikuwa simjui vizuri. Nikaona nisije nikaonekana mchoyo."

Nilicheka, sikukusudia. Yeye hakucheka. Alikuwa ameanza kuhesabu, nilimwona midomo ikienda. Mia moja, na tatu. Akakaa kwenye mkono wa kochi, akaanza kukunja na kukunjua pindo la kanga.

"Osmund. Vile vilirudi kwa sababu ya hivyo vitatu?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo mdomoni, la mwaka mzima, na lilikuwa la kweli. Ningelisema pale, ikifika saa mbili Mama Sekela na Mama Anzamen wote wangekuwa wanajua kwamba mimi nahesabu vizuri tu. Nilimtazama shangazi, vidole vyake vilivyopasuka kwa milulu, vinakunja pindo. Nampenda sana shangazi yangu, na wala sioni haja ya kulisema kwa kuzunguka.

"Hapana, shangazi. Vilirudi kwa sababu mimi sikuviandika."

"Ungeviandikaje na hukuviona?"

"Ningekuuliza. Sikuwahi kukuuliza unaongeza nini."

Alinitazama kwa muda, anapima kama namdanganya. Nadhani aliona simdanganyi, maana aliacha pindo. "Kunywa uji," alisema.

Nilikunywa. Kisha nilitoa mizani ya kikundi chini ya meza, nikapima katoni zote kumi na mbili, kila moja, na mizani haikusema neno, ilisoma tu. Ya saba ilikuwa kumi na mbili na robo. Niliikata kwa mstari mmoja ile tarehe mbaya, ambayo kweli nilikuwa nimeisahau, nikaandika sahihi pembeni. Kisha nikaanza mstari wa kumi na tatu.

"Umeniandika vipi hapo?" aliuliza shangazi, ambaye kusoma anasoma Biblia tu, na Biblia yenyewe anaijua kwa kichwa.

"Nyongeza. Ametoa mwenyewe."

"Na wanakubali?"

"Kikiandikwa wanakubali."

Aliutazama ule mstari. Nilidhani ameguswa. Kumbe alikuwa anafikiri. Aliinuka, akaingia chumbani kwake, nikasikia godoro linanyanyuliwa, akatoka ameficha mkono nyuma.

"Kama inaandikwa," alisema, "basi kuna na hiki. Yule mama ana binti, alituma picha. Nilikuwa nakiogopa."

Kilikuwa kidogo zaidi ya kile cha kwanza, cha kutosha limau moja. Alinipa. Nilikigeuza nione alivyofunga mwisho, na chini kwenye kitako palikuwa na duara la wino wa zambarau. Nililigusa, likanishika kidoleni. Lilikuwa bado bichi.

"Shangazi, hiki kimegongwa na nani?"

"Kigongwe na nani? Kiko chini ya godoro langu tangu juzi." Alisogea kutazama. "Angalia usikichafue, kitoto cha watu hicho."

Nje lori lilipiga honi. Nilipangusa kidole kwenye blanketi, nikakata ile "kimoja" kwa mstari mmoja, nikaandika pembeni yake: viwili.